Mpiga Chapa na Ndoo Iliyotangulia

Mpiga Chapa akikuchukia anakupa kiti. Hilo mlijue kwanza. Akikupenda anakuhudumia hapohapo umesimama mlangoni, unapokea karatasi yako, unaenda zako. Lakini akitabasamu akasema, "Karibu kiti, baba, pumzika kidogo," ujue umekwisha. Utakaa pale mpaka makalio yafe ganzi. Watu watakuja watakukuta, wataandikiwa barua zao wataondoka, na wewe kila ukiuliza unaambiwa, "Bado kidogo, baba, printa imechemka." Printa haijachemka. Aliyechemka ni yeye, ndani kwa ndani, na usoni humwoni kitu.

Mimi nilikuwa barazani kwake, nakaanga maandazi na kuchemsha chai, hapo Tunduma kwenye mtaa unaoteremkia mpakani. Miaka niliyokaa kwenye baraza lile ni mingi kuliko niliyokaa na marehemu mume wangu, na nilicheka zaidi. Malori yamepanga foleni ya kwenda Zambia, madereva wanashuka na vumbi mpaka kwenye kope, "Mulishani, bamayo!" nami nawajibu, "Bwino!" huku namimina chai. Ndani ya mlango kuna kompyuta tatu zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, na Mpiga Chapa kavaa sweta lake la kijani, hata jua liwakeje.

Jina lake nalijua, silitaji. Kila mtu alimwita Mpiga Chapa, hata mchungaji kanisani. Mimi nikiwa naye nilimwita Dada, maana alinizidi miaka, na yeye aliniita Mama Sekela, kwa mwanangu wa kwanza. Nawahadithia habari zake kwa sababu ya kiwanja changu cha Chapwa, chenye nyumba yangu ya vyumba viwili na kaburi la mume wangu nyuma ya migomba. Kiwanja kile niliibiwa pale kwake, ndani ya mashine zake, na nikarudishiwa na mashine hizohizo. Ila msiniharakishe. Yeye mwenyewe alikuwa hana haraka.

Alikuwa na msemo wake huo: "Mimi sina haraka, mimi nina daftari."

Na daftari lilikuwepo kweli! Daftari la kaunta, lile gumu lenye mgongo mwekundu, anaweka kwenye droo chini ya karatasi za kaboni. Humo aliandika wabaya wake. Mtu na kosa lake, mstari mmoja, basi. Karani aliyemcheka sweta. Mama wa kwaya aliyemhamisha mstari wa mbele akampeleka nyuma kwa warefu, na yeye mfupi kama kinu. Siku yake mtu akilipa, Mpiga Chapa anachukua rula na kalamu nyekundu, anapiga mstari juu ya jina, ulionyooka, halafu anakunywa chai ya tangawizi bila sukari. Nikiona kalamu nyekundu mezani nauliza, "Nani leo, Dada?" naye anasema, "Chemsha nyingine, nitakwambia." Jamani, tulikuwa tunafurahi!

Zamani alikuwa mchapaji kwenye ofisi moja huko Mbozi, enzi za mashine za chuma. Ilipokuja ile punguza punguza ya wafanyakazi, bosi wake akamwambia mbele ya watu, "Mama, wewe na mashine yako nendeni mkapumzike, sasa ni dunia ya kompyuta." Akaenda. Akafungua steshenari Tunduma na mashine ileile ya chuma. Halafu mmisheni mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia kompyuta kuukuu na kitabu kinene cha kufundisha kutunga programu. Kitabu cha Kiingereza, na Kiingereza chake ni cha kuandikia barua. Alikisoma miaka minne. Nilimwona kwa macho yangu, ananakili kwa mkono kwenye madaftari ya shule, neno kwa neno, kama anayeandika Injili, na ikifika mahali pagumu anatoka nje ananiambia, "Mama Sekela, nipe andazi, huyu mzungu ananitukana."

Akamaliza. Akatunga programu yake mwenyewe ya ofisi. Kompyuta tatu, zimeungwa waya, printa moja. Yeye kwenye ya kwanza, nyingine mbili anapangisha kwa wanaojua kuchapa wenyewe.

Na yule bosi je? Akaja, nywele zimekuwa nyeupe, anaomba kuchapiwa barua ya kufuatilia mafao yake. "Karibu kiti, baba," nikasikia kutoka ndani, nikaacha maandazi yaungue nikachungulie. Alikaa kutoka watoto wanaenda shule mpaka wanarudi. Akanywa chai yangu vikombe sita. Halafu Mpiga Chapa akamchapia barua nzuri, imenyooka, haina kosa hata moja, akampa kwa mikono miwili na kupiga goti. Nikamuuliza, "Dada, si ungemkosea hata tarehe?" Alinitazama kama nimetapika. "Mtu namchelewesha. Kazi siiharibu." Akatoa rula.

Hapo ndipo mtamwelewa. Mtu wa visasi, lakini hajawahi kuharibu karatasi ya mtu. Mkali, lakini ukifika na mtoto mgonjwa, unamkuta kashafunga ofisi yuko na wewe zahanati. Jumapili hagusi kibodi, anasema vidole navyo vina Mungu wao. Na kuna hili lililonichekesha siku zote: programu yake aliifundisha kufuta. Kila kazi ya mteja ikiisha kuchapwa, mashine inaifuta isibaki hata alama, siri ya mtu ni ya mtu. Lakini yeye mwenyewe, kwenye kichwa chake, hakufuta kitu.

Sasa utaratibu wa pale ndani mnauhitaji, la sivyo hamtaelewa nilivyoibiwa.

Ukifika unapewa kikatoni, kipande cha boksi la sabuni, kimeandikwa namba. Wewe ni kumi na tano. Kwenye mashine, kazi yako inatengenezewa folda ya muda, kama kapu, na lenyewe linaitwa kumi na tano. Mpiga Chapa anachapa maneno yako. Kama hujui kusoma, na sisi wengi hatukujua, anakusomea kutoka kwenye kioo cha kompyuta, taratibu, na nukta anazitaja: "Nukta. Aya mpya." Ukisema sawa, anatuma. Karatasi inaingia kwenye kapu namba kumi na tano, inasubiri foleni ya printa. Printa yenyewe inakohoa kama mzee wa tumbaku, kwa hiyo unaweza kunywa chai nzima. Halafu inatoka. Anakupa. Kusoma mara ya pili kutoka kwenye karatasi hasomi, alishasoma kwenye kioo. Na watu wa Tunduma nzima walikuwa hivyo hivyo: ukisema karatasi imetoka kwa Mpiga Chapa, hakuna anayeisoma. Ni ya Mpiga Chapa, basi.

Dalali ndiye aliyeliona hilo.

Dalali wa viwanja, kijana mtanashati, viatu vinang'aa kwenye vumbi, sijui alikuwa anavifutia wapi. Alipangisha kompyuta ya tatu, ile ya pembeni, kila siku yuko pale. Mchangamfu! "Shikamoo mama yangu, maandazi ya leo yamenona kama mpishi!" Nami mjinga nacheka. Akaniomba sehemu ya mbele ya kiwanja changu, ya barabarani, nimpangishe miaka miwili aweke kontena la duka. Nikaona sawa, mjane nitapata cha kununulia mkaa. Tukaenda kwa Mpiga Chapa. Nikapewa kikatoni namba kumi na tano. Dalali akakichungulia mkononi mwangu, akasema, "Eh, mama yangu una namba nzuri," akaenda kukaa kwenye kompyuta yake.

Mpiga Chapa akanisomea: napangisha, sehemu ya mbele, miaka miwili. Nukta. Nikasema sawa. Printa ikakohoa. Karatasi zikatoka mbili, nikaweka dole gumba, Dalali akasaini, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akauliza, "Ya Mpiga Chapa hii?" Tukasema ya Mpiga Chapa. Akagonga mhuri hata miwani hajavaa. Yangu nikaikunja nikaiweka ndani ya Biblia.

Hazijapita wiki nyingi, natoka kanisani nakuta kofuli kwenye mlango wangu. Kofuli kubwa, jipya. Na vijana wanachimba msingi nyuma, karibu na migomba. Dalali kasimama kivulini.

"Dalali, mwanangu, nini hiki?"

"Mama Sekela, mbona unashangaa? Si uliniuzia. Nimekuvumilia sana, toa vyombo vyako taratibu."

"Nilikuuzia nini? Mume wangu amelala hapo!"

"Tutamhamisha kwa heshima," akasema. Kwa heshima! "Karatasi si unayo? Kaisome."

Alijua siwezi. Ndilo neno lililoniuma kuliko kofuli.

Nilikimbia na Biblia kwapani mpaka Tunduma mjini. Nikamtupia Mpiga Chapa ile karatasi mezani, nikamtukana. Nilimwita mwizi, nilimwita mchawi wa kwao Ileje, kwa Kiswahili na Kinyamwanga, wateja wote wanasikia. Yeye akavaa miwani. Akasoma. Nikaona midomo yake inakauka.

"Mama Sekela," akasema, "inasema umeuza kiwanja chote na nyumba. Lakini haya si maneno yangu."

"Si yako yametoka wapi, printa imejitungia?"

"Tazama hapa. Mimi nikiweka nukta naacha nafasi mbili. Miaka yote, tangu mashine ya chuma, mbili. Hii ina moja. Kuna mtu kachapa hii, na imetoka kwenye printa yangu."

Akafunga mlango, akafunua kompyuta, akapekua muda mrefu. Halafu akaanza kunieleza, na kwa sababu nilikuwa sielewi folda wala nini, akanieleza kwa bomba la maji.

Tunduma maji ni shida, mnajua. Mnapanga ndoo kwenye bomba. "Sasa," akasema, "fikiria mimi ndiye nafungua bomba. Naita, kumi na tano! Natazama chini, naona ndoo imeshawekwa kwenye nafasi ya kumi na tano. Nafungua maji. Sijauliza ndoo ni ya nani. Kumbe ametangulia mtu kaweka ndoo yake. Maji yako yameingia kwenye ndoo yake, yeye ndiye mwenye mfuniko, anaweza kuyamwaga akaweka matope, mimi nakuja kuchota natoa matope nakupa unywe."

Hivyo ndivyo alivyofanya Dalali. Aliona kikatoni changu. Akaenda kwenye mashine yake akatengeneza kapu akaliita kumi na tano, kabla. Programu ilipofika ikakuta kapu lipo, ikasema vizuri, lipo, ikatumbukiza karatasi yangu. Kapu ni la Dalali, kwa hiyo anafungua anavyotaka. Wakati mimi nakunywa chai na printa inakohoa, akatoa karatasi ya kweli akaweka ya kwake.

Nikamuuliza, "Sasa si uiambie programu itazame kwanza? Ikikuta ndoo ya mtu isimimine?"

"Hata hiyo haitoshi. Ikitazama, ikaona hakuna, halafu ndiyo igeuke kwenda kuchukua ndoo, hapo katikati mtu anachomeka yake. Inatakiwa kutazama na kuweka kuwe tendo moja. Inaweka ndoo yake mpya, na kama mahali pana ndoo tayari, inakataa. Hailazimishi. Inatafuta mahali pengine. Na jina lisiwe namba ya foleni, liwe fujo la herufi ambalo hata mimi silijui mpaka limetokea. Na mfuniko, mwenye ufunguo ni mmoja. Na kazi ikiisha, inaoshwa, inafunikwa chini."

"Basi fanya hivyo twende kwa mwenyekiti tukamkamate!"

Mpiga Chapa akavua miwani, akaifuta na sweta. "Tukamkamate na nini? Nafasi moja ya nukta? Ataniambia nilisinzia nikachapa vibaya. Nenda kalale kwa mdogo wako. Kesho uje ukaange maandazi kama kawaida. Dalali akija, mwamkie."

"Nimwamkie!"

"Cheka naye. Mpe andazi kubwa."

Akafungua droo. Akaandika mstari mmoja. Halafu akageuza kurasa mpaka ule wa mwisho kabisa wa daftari akaandika na huko kitu, hakunionyesha, na mimi ningesoma nini?

Jamani, ile wiki sitaisahau. Nilimpa Dalali andazi kubwa. Nilimwambia, "Mwanangu, ya dunia ni mapito, kiwanja ni udongo tu." Akatikisa kichwa kwa huruma, mshenzi yule, akasema, "Una moyo mzuri, mama yangu." Nikageuka kwenye karai la mafuta nikacheka mpaka machozi, akadhani nalia.

Ndani, Mpiga Chapa alikuwa ameshabadilisha programu yote. Lakini vikatoni hakuviondoa. Namba zinatolewa kama zamani, na ukitaka kutega ndoo kwenye namba, mahali pa kutegea papo palepale. Ila sasa maji hayapiti hapo. Yanapita kwenye ndoo zake mpya, zile zenye majina ya fujo la herufi. Na kila ndoo inayotegwa mapema, programu inaandika pembeni: imetegwa kutoka kompyuta fulani, saa fulani. Na inatunza nakala ya kilichowekwa ndani.

Ilichukua mwezi na zaidi. Mimi ningekuwa nimeshamchoma mtu na mwiko. Yeye anachapa, anakohoa, anakunywa tangawizi. "Sina haraka."

Siku ikaja. Mama mmoja mjane kutoka Msangano, shamba lake la mpunga, Dalali anataka kulikodi msimu mmoja. Kikatoni namba nane. Dalali akachungulia, "Eh, mama, nane, namba ya baraka." Nikasikia hilo neno nikaacha kila kitu. Mpiga Chapa akanitolea jicho tu, nikaenda mbio kumwita mwenyekiti, nikamwambia kuna maandazi ya bure na jambo. Akaja. Ofisi imejaa, siku ya gulio, mawakala wa forodha wamo, madereva wamo.

Mpiga Chapa akamsomea yule mama kwenye kioo. Akatuma. Printa ikakohoa. Dalali kwenye kona anapiga mluzi. Karatasi ikatoka. Mpiga Chapa akaichukua, akasimama, jambo ambalo hajawahi kufanya, akaanza kuisoma tena, kutoka kwenye karatasi, kwa sauti ya kanisani.

"Nakodisha shamba langu kwa msimu mmoja. Nukta."

Mluzi ukakatika. Dalali alimtazama, akaitazama kompyuta yake, akaitazama printa. Alikuwa anatarajia karatasi yake ndiyo imetoka, na anasikia ile ya kweli.

"Dalali," akasema Mpiga Chapa, laini kama maziwa, "karibu kiti, baba."

"Nina haraka kidogo, mama—"

"Mwenyekiti yupo, hatutakuchelewesha. Kaa."

Akakaa. Mpiga Chapa akabonyeza. Printa ikakohoa tena, ikatoa karatasi ya pili, ile iliyokuwa kwenye ndoo ya namba nane. Akaisoma hiyo nayo. "Nauza shamba langu lote. Nukta." Akabonyeza. Nyingine. Ya mzee mmoja wa Hasamba. "Nauza." Nyingine, ya nani sijui. "Nauza." Kila moja na saa yake, na kompyuta iliyotegwa kutoka: ya tatu, ya tatu, ya tatu. 

"Hizi hazikuingia mitaani," akasema, "kwa sababu programu yangu iliikataa ndoo yako, Dalali. Imekukataa mara tatu na hukujua, maana hata wewe karatasi ya Mpiga Chapa huisomi. Ya Mama Sekela ndiyo iliyopita, kabla sijaijenga upya. Lakini mwandishi ni mmoja. Tazameni nukta zote. Nafasi moja."

Dalali akasema, "Mashine inasingizia watu."

Dereva mmoja wa Zambia akasema, "Awe, mune, hapana rafiki yangu, mashine haikujui jina." Watu wakacheka mpaka mtungi wa chai yangu ukapinduliwa, na sikujali.

Mwenyekiti akavaa miwani safari hii. Kesi ikaenda mpaka baraza la kata, tukasikilizwa, mhuri wa kwanza ukafutwa, nikarudishiwa kiwanja. Miezi saba tangu kofuli. Miezi saba nimelala kwenye mkeka sebuleni kwa mdogo wangu, kila Jumapili napita kulitazama kaburi la mume wangu kwa nje ya wigo kama mgeni. Dalali akaambiwa aondoe vitu vyake. Hakuja. Watu wa Hasamba na Msangano walikuwa wanamuulizia kwa nguvu sana, akaona bora apoteze tofali kuliko mbavu.

Aliacha tofali za kuchoma, za kutosha. Nimejengea choo. Choo kizuri, kina mlango wa bati. Kila asubuhi naingia mle nafurahi. Wajukuu wananiuliza, "Bibi, mbona unaimba chooni?" Nawaambia, "Naimba kwenye nyumba ya Dalali."

Siku ile ya hukumu nilimpelekea Mpiga Chapa jogoo. Akachukua rula, akapiga mstari mwekundu juu ya jina la Dalali. Halafu akaniambia, "Sasa wewe. Hutaweka tena dole gumba kwenye kitu usichokisoma." Akaniketisha mbele ya kibodi. Mimi shule niliishia darasa la kwanza, nusu. Akanifundisha herufi kwa mpangilio alioujua yeye, wa kibodi. Mpaka leo wajukuu wakiimba a-be-che mimi siwafuati. Mimi naanza na Q, W, E, R. Nilisoma kwa mwaka mzima, kati ya karai na karai, vidole vina mafuta, anavipangusa na sweta lake mwenyewe. Akiwa mwalimu alikuwa mpole, hiyo nayo ilinishangaza. Na tangu siku ile hakuna karatasi iliyotoka mlangoni kwake kabla haijasomwa kutoka kwenye karatasi.

Ikawa macho yake yakaanza kuingia ukungu. Akafunga ofisi, akarudi kwao Ileje, milimani, kwenye shamba la kahawa. Nilikaa muda sijamwona. Mwaka juzi nikapanda gari nikaenda na kilo mbili za sukari, ingawa hanywi, na tangawizi.

Nilimkuta barazani kwake, sweta lilelile. Baridi ya Ileje ilikuwa inalistahili kwa mara ya kwanza. "Nani?" akauliza.

"Q, W, E, R," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa. Tukaletewa uji. Akaniambia mtoto wa kaka yake kamletea karatasi ya kuweka dole, ya mambo ya shamba, naye haoni. Anamwamini, lakini ndiyo hivyo. Akaomba nimsomee. Nikasema nitasoma, ila kwanza nipe lile daftari, nimelitamani miaka yote.

Akanipa. Nikasoma wabaya wote mmoja mmoja, kidole chini ya mstari, yeye anakumbuka tunacheka. Bosi, mstari mwekundu. Mama wa kwaya, mstari. Dalali, mstari. Nikafika ukurasa wa mwisho kabisa. Kulikuwa na jina moja tu, halijapigwa mstari. Nikasoma herufi moja moja. M, i, m, i.

"Mimi," nikasema. "Mimi nani, Dada?"

Akasema, "Kile kitabu cha mmisheni kilikuwa na ukurasa unaosema. Usitumie namba ya kukisia. Usikubali folda uliyoikuta. Niliunakili kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika pembeni, nitarekebisha. Nikasema, Tunduma hapa nani atajua? Miaka miwili kabla ya kiwanja chako, Mama Sekela. Nilijua."

Upepo unapita kwenye kahawa. Mimi nikafikiria kofuli. Nikafikiria mkeka wa mdogo wangu. Nikafikiria nilivyolitazama kaburi kwa nje ya wigo, na yeye ananiambia kalale, mpe andazi kubwa. Miaka yote hiyo nimemletea jogoo.

Nikachukua karatasi ya mtoto wa kaka yake, nikaisoma kimya yote, mpaka chini. Ilikuwa safi, anaomba kulima upande wa chini, yeye abaki na nyumba na kahawa. Halafu nikakohoa, nikaanza kusoma kwa sauti ya kanisani.

"Mimi, Mpiga Chapa mstaafu, nauza shamba langu lote. Nukta. Na nyumba. Nukta."

Nilimwona anavyoshika mkono wa kiti.

"Soma tena," akasema.

"Na kahawa yote. Nukta. Aya mpya."

"Mama Sekela. Unasoma kutoka kwenye karatasi?"

"Kwani wewe Dada unaona nasoma kutoka wapi?"

Akanyoosha mkono, akaigusa karatasi, akapitisha vidole juu yake, vile vidole vilivyochapa barua za Tunduma nzima, na karatasi haikumwambia kitu. Jasho likamtoka, na baridi ile. Akageuza uso kwenye kahawa yake asiyoiona.

Mimi nikamwambia, "Karibu kiti, Dada. Pumzika." Nikachukua bakuli langu la uji, nikanywa taratibu, kijiko kwa kijiko, mpaka nikafika chini. Ndipo nikamsomea ya kweli, mara mbili, na nukta zake zote, nikamshika dole gumba nikampaka wino.

Halafu nikamuuliza rula iko wapi.